Kikosi cha zimamoto cha kujitolea katika avenyu yenu: namna ya kukipanga na kupata watu, hapa Bukavu

Usiku ule moto ulipowaka juu yetu, huku Kadutu, maji yalikuwepo. Robine ilikuwa imetoa maji tangu jioni, na karibu kila nyumba ilikuwa na bidoni mbili tatu zimejaa. Watu nao walikuwepo, zaidi ya mia, wote tumebanana kwenye kijia cha ngazi ambacho watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Wenye bidoni wanapanda, wenye magodoro na televisheni wanashuka, tukakutana katikati tukakwama. Mama mmoja analia kwamba mtoto wake yuko ndani. Vijana wawili wakaingia kwenye moshi kumtafuta, wakatoka wakikohoa, mmoja mkono umeungua mpaka kiwiko. Mtoto alikuwa amelala kwa shangazi yake, avenyu ya pili, tangu jua lilipozama. Hatukujua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuhesabu watu.

Kulipokucha nyumba tisa zilikuwa majivu. Naandika haya kwa ajili ya usiku ule. Nyumba zetu ni za mbao, zimepandana kwenye mlima, bati la huyu linagusa dirisha la yule. Gari la zimamoto, hata likija haraka, litasimama kwenye barabara kubwa. Kutoka pale mpaka kwa jirani yako ni ngazi, mifereji na vichochoro. Watakaofika kabla moto haujashika nyumba ya pili ni wale wanaoweza kufika kwa miguu, na wakishafika wawe wanajua kila mmoja anasimama wapi.

Kuna wanaodhani kikosi cha kujitolea ni kitu cha kujishikiza mpaka serikali ilete cha kweli. Nchini Chile wazimamoto ni watu wa kujitolea tangu mji wa Valparaíso ulipounda kikosi chake mwaka 1851. Ufaransa, karibu wanne kati ya kila wazimamoto watano ni wa kujitolea: ni fundi, ni mwalimu, ni muuza duka, anaacha kazi yake akiitwa. Na huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake walianza kikosi chao, na punde wakawa watu 30. Kila mmoja aliweka nyumbani ndoo za ngozi, pamoja na mifuko na vikapu vya kuokolea vitu. Walikutana kila mwezi, na aliyekosa alilipa faini. Faini hizo zikanunua ngazi, ndoano na pampu. Nitarudi kwao mara moja mbili, maana tunachokihitaji hapa kinafanana na walichoanza nacho wao: ndoo, ndoano na neno la mtu.

Hatua ya kwanza: tembeeni kwanza

Kabla ya mkutano wowote, watu watatu wanne mtembee avenyu yenu mara mbili, mara moja mchana na mara moja baada ya saa tatu usiku. Mchukue kaye, yaani daftari, na kalamu. Andikeni robine ziko wapi na zinatoa maji siku gani, nani ana tangi la maji ya mvua, kijia kipi hakina pa kutokea. Andikeni nyumba yenye mzee asiyetembea, yenye mgonjwa, yenye mama aliyejifungua juzi. Andikeni anapouza kadhafi, muuza petroli wa barabarani, mafuta yake ya chupa, na nani anaweka akiba ya petroli ndani ya nyumba kwa ajili ya jenereta. Tazameni nyaya za umeme zilizounganishwa kwa mkono, zinazopita juu ya mabati.

Kisha pimeni eneo lenu kwa miguu. Mtu asimame mahali ambapo vifaa vitakaa, akimbie mpaka mwisho wa eneo kwa dakika tano. Pale alipofika ndio mpaka wenu. Kikosi kinachotaka kulinda kartie nzima, yaani mtaa wenye avenyu nyingi, siku ya kwanza hakitalinda hata avenyu moja, kwa sababu kwenye mlima huu dakika tano za kupanda ni fupi mno.

Hatua ya pili: waambieni wakubwa

Nendeni kwa shefu wa avenyu, halafu kwa shefu wa kartie, halafu mpeleke barua komini. Barua iwe fupi: sisi ni nani, tunalinda kuanzia wapi mpaka wapi, tunafanya mazoezi lini, na hatuna silaha wala chama. Ombeni nakala yenye muhuri muihifadhi. Hii itawasaidia usiku ambao watu thelathini wanakimbia na mapanga na shoka, na walinda usalama wanauliza mnaenda wapi.

Msikimbilie kuwa ASBL, yaani shirika lisilotafuta faida lililosajiliwa. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaruhusu, na siku moja mtaihitaji ili kufungua akaunti au kupokea msaada. Lakini vikundi vingi humalizia nguvu zao kwenye mihuri na katiba kabla ya kubeba ndoo hata moja. Mkishamaliza mwaka mzima mko pamoja, ndipo mzianze karatasi.

Hatua ya tatu: kila kazi na mwenyewe

Kwenye moto mkubwa mtu mmoja hawezi kuongoza watu thelathini. Hawamsikii, naye hawaoni. Wazimamoto kila mahali wamejifunza kwamba kiongozi mmoja anamudu watu watano hivi, saba wakiwa wengi sana. Kwa hiyo gaweni kikosi katika makundi madogo, kila kundi na kiongozi wake, na viongozi hao wamsikilize mtu mmoja tu.

Huyo mmoja ni mkuu wa moto. Habebi ndoo. Anasimama mahali anapoona paa na kijia, anaamua maji yaende wapi na watu watoke lini. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye moyo, kwa sababu mikono yake inataka kushika kitu. Mwekeeni msaidizi wa kwanza na wa pili, maana moto hautamsubiri arudi kutoka Uvira.

Kuna kundi la maji, lenye watu wengi kuliko yote, na kundi la ndoano na shoka, ambalo lichukue wajenzi na maseremala wanaojua nyumba ya mbao inasimamaje. Kuna mtu wa umeme na msaidizi wake. Kuna watu wa huduma ya kwanza. Kuna walinzi wa vitu, watu wawili au watatu wanaoaminika na kila nyumba, wanaosimama mahali pamoja palipochaguliwa kabla ili magodoro na masanduku yote yaende pale na yasiibwe. Msipowaweka hao, baba wa familia hataacha kabati lake aje kwenye maji, naye ana haki.

Halafu kuna mwenye kuhesabu. Naomba mumchague kwa uangalifu kuliko mkuu mwenyewe. Anakaa na kaye yenye kila nyumba na idadi ya wanaolala humo, na anaipitia upya kila mwezi. Usiku wa moto anasimama mahali pa kukutania, anauliza nyumba kwa nyumba nani katoka, nani kalala kwingine. Anawahesabu pia wazimamoto wenyewe wanapofika na wanapoondoka. Kwetu ni mama mmoja anayeuza samaki na anayemjua kila mtoto wa avenyu kwa jina na kwa jina la bibi yake. Angekuwa na kazi hiyo usiku ule, wale vijana wawili wasingeingia kwenye moshi.

Hatua ya nne: kutafuta watu

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaita vijana wenye misuli, vijana wanakuja hamsini, wanapiga picha, na baada ya miezi miwili wamebaki saba. Tafuteni kwanza walioko nyumbani, ndipo mwangalie nguvu zao.

Chukueni ukurasa, mwandike saa za siku upande mmoja, na mbele ya kila saa majina ya watu walioko avenyu wakati huo. Mtashangaa. Saa nane mchana vijana karibu wote wameshuka: wako sokoni, bandarini, kwenye pikipiki zao za kubeba abiria, chuoni. Na saa nane mchana mbabula, majiko ya makaa, zinawaka, watoto wako peke yao. Walioko ni akina mama wa vibanda, fundi cherehani, msusi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Wapo pia masentineli wanaolinda nyumba za watu kule Muhumba na Nyawera: wanakesha kazini, asubuhi wanapanda kulala kwetu, na baada ya adhuhuri wameamka. Wanaume hawa wamezoea kukaa macho, wamezoea filimbi, na sijaona mtu akiwaalika kwenye kikundi chochote. Waalikeni. Kikosi chenu kiwe viwili ndani ya kimoja, cha mchana na cha usiku, kila kimoja na mkuu wake.

Tangazo lipite mahali watu wanapokutana tayari: kwenye shirika la wakristo wa jirani, kwenye matangazo ya misa na ya ibada, msikitini, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Lakini tangazo linafungua mlango tu. Mtu anaingia kwa kufuatwa nyumbani na mtu anayemfahamu, akaambiwa, “Papa, tunakuhitaji wewe kwa sababu unajua paa.” Mtu aliyeambiwa sababu yake mwenyewe anakaa.

Akikubali, mwulizeni maswali matatu, na mwenzake wa nyumbani awe anasikia. Usiku unalala wapi, kweli? Ukiitwa, nani anabaki na watoto? Na la tatu: utakubali kuamriwa na mtu mdogo kuliko wewe, au na mwanamke?

Swali hilo la tatu limetugharimu. Mzee mmoja mjenzi, mikono yake imejenga nusu ya avenyu, alipoambiwa kwamba mkuu wa mchana ni dada wa miaka 29, akasema, “Mimi siamrishwi na mtoto niliyembeba.” Hatukumbishia. Tulimshukuru, tukamwomba atunze ngazi na ndoano nyumbani kwake, kwa sababu nyumba yake iko katikati. Kila zoezi yule dada alikwenda kwake kwanza, anapiga hodi, anasema, “Shikamoo baba, tunaomba vifaa.” Baada ya zoezi la nne mzee akatoka navyo mwenyewe na kusimama kwenye mstari. Heshima haipotei kwa kuwa na amri. Inatakiwa itangulie.

Wapo wa kuwakataa, na mfanye hivyo kwa upole na mapema. Mtu ambaye kanyanga, pombe kali, inamkuta kila jioni. Mtu anayeuliza sare kabla ya kuuliza kazi. Mtu anayetafuta kura. Na wenye umri chini ya miaka 18 wasiwe kwenye mstari wa moto, hata wakilia. Wapeni kazi ya kupita nyumba kwa nyumba siku za amani kukagua mishumaa na mbabula. Wataifanya vizuri kuliko sisi, na mama hawezi kumfukuza mtoto wa jirani.

Atakayepokelewa akae miezi mitatu ya majaribio kabla jina lake halijaingia kwenye kaye. Asiyefika mara tatu bila kutuma neno, jina linatoka. Andikeni hilo tangu siku ya kwanza, liwahusu wote, mpaka mkuu.

Hatua ya tano: mazoezi

Jumamosi nne zinatosha kuanza, baada ya salongo, watu wakiwa tayari wako nje na nguo za kazi.

Jumamosi ya kwanza ni mstari wa ndoo peke yake. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na mtu akiipokea mara kumi mgongo unakwisha. Kateni midomo ya bidoni za lita 10 ziwe ndoo, mzijaze zaidi kidogo ya nusu. Watu wasimame wakiwa wameegemea ukuta wa kijia, umbali wa mkono ulionyooshwa, miguu isitembee. Ndoo ndiyo itembee. Anayehama kutoka nafasi yake anakata mstari mzima. Ndoo tupu zishuke kwa njia nyingine, na kama njia nyingine hakuna, wapokeaji wawe upande wa pili wa ngazi, uso kwa uso na wa kwanza, hata kama mtabanana. Pimeni muda: tangu filimbi mpaka ndoo ya kwanza inamwagwa juu. Sisi mara ya kwanza tulitumia dakika kumi na nane. Mara ya tano, saba.

Jumamosi ya pili ni umeme na mafuta. Maji hayagusi paa kabla mtu wa umeme hajasema umekatwa. Anashusha dijonkteri, swichi kuu ya nyumba, na namba ya fundi wa SNEL, shirika la umeme, anayehusika na kabini yenu ya transfoma iwe kwenye simu tatu tofauti, kwa sababu waya wa nje haukatwi na mwingine. Kumbukeni pia delestaji, mgao wa umeme: umeme ulioondoka tangu asubuhi unaweza kurudi katikati ya moto. Sufuria ya mafuta ikiwaka inafunikwa kwa kifuniko, haimwagiwi maji. Petroli inazimwa kwa mchanga, hivyo rundo la mchanga mkavu liwe karibu na kila kadhafi, naye ndiye aulete.

Ya tatu ni moshi na majeraha. Moshi unaua watu wengi kuliko ndimi za moto, na kitambaa chenye maji usoni hakichuji sumu yake, kinadanganya tu. Hakuna anayeingia peke yake, hakuna anayeingia bila mwenye kuhesabu kuandika jina lake, na nyumba ambayo moshi umejaa mpaka chini haiingiwi na mtu asiye na vifaa vya kupumulia. Najua hilo ni zito kusikia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba, afunikwe kitambaa safi, apelekwe kituo cha afya. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mwombeni mtu wa Msalaba Mwekundu awafundishe siku hiyo; ndiyo kazi yao na wanaijua.

Ya nne fanyeni usiku, bila kutangaza saa.

Kubomoa

Jambo hili lina uzito wake. Nyumba za mbao zikishika, mara nyingi ndoo haziwezi tena, na kinachookoa avenyu ni kubomoa nyumba moja ambayo bado haijaungua, ili moto ukose pa kukanyaga. Ndiyo maana watu wa Philadelphia walinunua ndoano. Lakini nani atasema, “Bomoa ya huyu”?

Asiseme mtu usiku ule. Semeni mchana, katika mkutano wa wenye nyumba wote, shefu wa avenyu akiwepo. Mkubaliane kwamba mkuu wa moto akitoa amri hiyo hakuna atakayemshitaki, na kwamba nyumba iliyobomolewa itajengwa na wote, mbao na misumari na siku za kazi, kabla ya nyumba nyingine yoyote. Kila mwenye nyumba atie sahihi, wapangaji wawe mashahidi. Mkutano wetu ulichukua Jumapili tatu, watu walikasirika, mmoja alitoka. Sahihi yake tulimfuata nayo nyumbani. Bila karatasi hiyo ndoano zenu ni mapambo.

Vifaa na pesa

Vifaa vya kuanzia ni vichache: ngazi moja imara, ndoano mbili za chuma zenye mipini mirefu, shoka, kamba, tochi, ndoo thelathini, filimbi tatu na kipaza sauti cha mkononi. Kila mtu avae nguo ya pamba na viatu vilivyofungwa. Nailoni inayeyuka na kushika ngozi. Vifaa vikae sehemu isiyofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao mtu mmoja.

Filimbi moja ndefu ni njooni. Mbili fupi ni maji. Tatu, zikirudiwa, ni tokeni wote, na hiyo haijadiliwi.

Mchango uwe mdogo wa kila mwezi, kama mnavyofanya likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, na kila franka iandikwe mbele ya watu. Mweka pesa awe mmoja, mwenye kaye ya pesa mwingine, na kama mnatumia Airtel Money au M-Pesa, namba ya siri iwe kwa mmoja na simu kwa mwenzake. Pesa za kwanza msinunulie kofia. Ziwekeni kwa ajili ya mzimamoto atakayeumia: dawa zake, na chakula cha nyumba yake siku ambazo hatafanya kazi. Mtu akijua hilo lipo, mke wake atamwacha atoke usiku.

Na mkifika watu 30, msiongeze. Watu wa avenyu ya juu wakija kuomba kuingia, fanyeni walivyofanya wale wa Philadelphia, waambieni waunde chao. Wapeni nakala ya kaye yenu na filimbi moja, wakubaliane milio ileile, na Jumamosi yao ya kwanza mwende mkasimame nao kwenye mstari, kila mtu wenu kati ya wawili wao.